Huyu domodomo wa Rufiji ni spishi gani, na utajuaje kama hajawahi kuandikwa?

SWALI: Salaam mkuu. Mi nakaa Mbagala Rangi Tatu, kuna kijana analeta samaki wa maji baridi kwa basi kutoka Rufiji, juzi nikanunua wawili ambao sijawahi kuwaona maishani. Mmoja ana kama sentimita 40, mdomo mrefu mwembamba kama mrija umeinama kidogo kwenda chini, pezi la mgongoni limeanza karibu na kichwa likaenda mpaka karibu na mkia. Mwingine ni mdogo, anaenea kiganjani, mdomo mfupi ila kidevuni ana kinundu. Kijana anasema wote ni domodomo, mkubwa dume mdogo jike. Nikagugo nikakuta kuna anayeitwa Gnathonemus petersii, wanamwita samaki tembo, na Kinondoni kuna duka la samaki wa urembo wanamuuza wanasema katoka Rufiji. Ndo huyu? Na kama hayupo kwenye vitabu nifanyeje aandikwe rasmi? Mke wangu anataka kumkaanga mkubwa, nimemzuia mpaka unijibu.

JIBU: Mkuu, mruhusu shemeji akaange. Ila kabla mafuta hayajapata moto mlaze huyo mkubwa ubavu kwenye karatasi nyeupe, kichwa kiangalie kushoto, weka rula pembeni, tandaza mapezi kwa pini au hata vijiti vya meno halafu piga picha ya karibu, manake kwa maelezo uliyonipa huyo mkubwa anajulikana vizuri tu, mwenye kazi ni huyo mdogo. Huyo mdogo asiguswe na kisu wala chumvi. Mtie kwenye mfuko wa plastiki na maji kidogo, funga, ingiza friza, na humohumo weka kikaratasi kilichoandikwa kwa penseli (sio peni, wino unayeyuka) tarehe uliyonunua na sehemu walipovuliwa. Na sehemu usiandike "Rufiji" basi, Rufiji ni bonde kubwa sana, kuna Kilombero, kuna Ruaha Mkuu na bwawa la Mtera, kuna Luwegu, kuna mabwawa ya asili kule chini kuelekea delta. Mpigie yule kijana mbane akwambie ni kijiji gani, mtoni au bwawani, kwa nyavu au ndoano.

Sasa la dume na jike, hapana. Hao ni samaki wawili tofauti kabisa, sio spishi mbili tu, ni jenasi mbili (jenasi ni kundi la spishi zilizo ndugu wa karibu). Dume na jike kwenye ukoo huu, ambao kitaalamu unaitwa Mormyridae, hawatofautiani kwa mdomo. Ukitaka kujua dume mkomavu angalia pezi la chini la nyuma, lile linaloanza nyuma ya tundu la haja (nitaliita pezi la chini kuanzia hapa ili tusichoshane). Kwa spishi nyingi dume aliyekomaa pale linapoota hilo pezi mwili umepinda kwa ndani, kama vile umebonyezwa, na kwa jike mstari unakuwa umenyooka. Hiyo unaiona kwa macho bila kupasua tumbo.

Na kabla sijaendelea, ondoa macho kwenye mdomo. Najua ndo kitu cha kwanza kila mtu anakiona na ndo maana wavuvi wengi wanawabeba wote kwa jina moja, lakini kwenye ukoo huu mdomo unadanganya kuliko kiungo kingine chochote. Ukoo una spishi zaidi ya 200, wote wa Afrika tu, wote wa maji baridi, huwapati bara lingine lolote, na ndani yake kuna wenye mdomo mrefu, wenye kidevu kirefu, wenye uso wa duara kama hawana kitu. Kule Kongo kuna jenasi inaitwa Campylomormyrus ambayo wakubwa wana mdomo mrefu uliopinda wa kutisha na kuna spishi watoto wao wana mdomo mfupi unaorefuka wanavyokua, ungewapanga mezani kwa urefu wa mdomo ungesema spishi tatu. Kwa hiyo sisi tunaanza na mapezi. Pezi la mgongo linaanzia wapi, linaishia wapi, na lina urefu gani ukililinganisha na la chini. Basi, hapo nusu ya kazi imeisha.

Huyo wako mkubwa umesema pezi la mgongo limeanza karibu na kichwa na kwenda mpaka karibu na mkia. Umemaliza. Hiyo ni jenasi Mormyrus, wao peke yao kwa huku kwetu ndo wenye pezi la mgongo refu namna hiyo halafu pezi la chini fupi. Hesabu vile vijiti vinavyoshika pezi, kwa mgongo utapata zaidi ya 50 na chini karibu 20 hivi. Halafu ukishajua ni Mormyrus, jiografia ndo inakumalizia. Angekuwa ametoka Mwanza au Bukoba ningesema Mormyrus kannume, yule domodomo wa Ziwa Victoria na Mto Nile, aliyeandikwa na Forsskål mwaka 1775. Ila ametoka Rufiji, na Mormyrus wa Rufiji, Ruvuma, Zambezi, Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika ni Mormyrus longirostris. Mkubwa wake anavuka nusu mita na ushee na kilo kadhaa, huyo wako wa sentimita 40 bado alikuwa na safari. Mdomo ule unaouona upo mwishoni kabisa mwa mrija, mdogo mno, anafyonzea funza wa wadudu na vidudu vya kwenye tope usiku. Usimtegemee kwa chambo kikubwa.

Sasa Gnathonemus petersii wa dukani. Huyo sio wa Rufiji, mkuu, huyo ni wa Afrika Magharibi na Kati, kuanzia bonde la Niger mpaka bonde la Kongo, na biashara ya akwaria inamtoa hukohuko kwenye nchi kama Nigeria na DRC. Muuzaji kasema Rufiji labda sababu kaambiwa hivyo na aliyemuuzia, simlaumu sana, lakini angalia mwenyewe ukipita pale. Ana rangi nyeusi kahawia, pezi la mgongo na la chini yanakaribiana urefu na yamekaa nyuma, juu na chini yanaelekeana, na katikati yake kuna mistari miwili myeupe inayoshuka. Halafu ile "pua" sio pua wala sio mdomo, ni kidevu. Mdomo upo juu yake. Kile kidevu kinachezacheza kinapapasa mchanga na kimejaa vipokezi vya umeme, wakati kwa huyo Mormyrus wako ni taya zote mbili zimerefuka na mdomo upo kwenye ncha. Ukiwaweka pamoja hata mtoto hawezi kuwachanganya, tatizo picha za intaneti zinapigwa kwa upande mmoja na mwanga mbaya watu wanaona kitu kirefu mbele wanasema ndo yuleyule.

Haya, twende kwa mdogo. Kinundu kidevuni, mdomo mfupi. Hapa nina watu wawili watatu kichwani. Kama pezi la chini ni refu kuliko la mgongo na linaanza mbele kidogo, basi ni Marcusenius. Kama la mgongo ndo refu kuliko la chini na uso umejikunja wa duara, fikiria Cyphomyrus, ambaye kule Zambezi na Ziwa Nyasa yupo. Na kama kile "kinundu" ukikiangalia vizuri kumbe hakipo, kidevu kipo laini, mdomo umekaa chini ya kichwa karibu usawa wa jicho na matundu mawili ya pua yamebanana yakisogelea jicho, huyo ni Petrocephalus, na hao ni wadogo, wengi hawafiki hata sentimita 15. Mi nategemea Marcusenius kwa sababu ya neno kinundu, lakini sitasema spishi. Kwenye mito ya kusini mashariki kuna Marcusenius livingstonii, kuna huyu Marcusenius macrolepidotus ambaye jina lake limetumika miaka mingi kwa samaki wengi kuanzia Kenya mpaka Afrika Kusini, na bila kuhesabu magamba mi nitakuwa napiga ramli.

Magamba unahesabu sehemu mbili. Kwanza mstari wa ubavu, kuanzia nyuma ya kifuniko cha shavu mpaka mwanzo wa pezi la mkia. Pili, na hii ndo muhimu kwa ukoo huu, kuzunguka ile shingo nyembamba kabla ya mkia, unapita na sindano gamba kwa gamba kuzunguka mwili mzima mpaka unarudi ulipoanzia. Utapata 8, au 12, au 16 au karibu na hapo, na hiyo namba inatenganisha makundi. Fanya ukiwa na lenzi na mwanga wa ubavuni, samaki awe ameyeyuka barafu lakini amelowa, akikauka magamba yanajikunja unahesabu moja mara mbili. Halafu vipimo kwa kalipa (kile kifaa cha kupimia chenye taya mbili): urefu wa kawaida (ncha ya uso mpaka mwanzo wa mkia, pezi la mkia halihesabiwi kwa sababu linavunjika), kina cha mwili, urefu wa kichwa, kipenyo cha jicho, urefu wa tako la kila pezi (yaani pale linapoota mwilini), urefu na kina cha ile shingo ya mkia. Unaandika kama asilimia ya urefu wa kawaida ndo unaweza kumlinganisha na mwingine wa saizi tofauti.

Hiyo shingo ya mkia usiidharau, ndani yake ndo kuna mtambo. Seli za misuli zimegeuka zikawa betri, zinatoa mshtuko mdogo sana wa umeme, kila mshtuko unakaa muda mfupi, wengine chini ya sehemu moja kwa elfu ya sekunde, wengine zaidi ya sehemu kumi kwa elfu. Ukimshika mkononi husikii chochote, usimchanganye na kambale wa umeme, Malapterurus, ambaye Ziwa Tanganyika yupo na mkubwa wake anaweza kufika volti 350, huyo atakurusha mtumbwini. Domodomo anautumia umeme wake kuona. Maji ya Rufiji wakati wa mafuriko huoni hata mkono wako, yeye anatembea usiku anajua jiwe liko wapi na funza yuko wapi kwa namna uwanja wa umeme unavyobadilika kwenye ngozi yake. Na anautumia kuongea pia, ana vipokezi aina nyingine kabisa kwa ajili ya kusikia wenzake. Kazi hiyo inahitaji ubongo mkubwa, na huyo Gnathonemus wa dukani alipopimwa ikakutwa ubongo wake unakula karibu asilimia 60 ya oksijeni yote ya mwili, binadamu tuko kwenye 20 hivi. Sasa mtu anamweka kwenye ndoo ya lita tano bila pampu halafu anashangaa kafa.

Kwa nini nakwambia hayo wakati umeuliza jina? Kwa sababu umbo la ule mshtuko ni kitambulisho. Kila spishi ina wake, na kuna samaki wanaofanana kwa macho mpaka unakata tamaa ila umeme wao haufanani kabisa. Gabon, kwenye Mto Ivindo, Carl Hopkins wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake walikuwa wanarekodi umeme wa samaki wa kundi la Paramormyrops wakakuta aina nyingi ambazo hazikuwa na jina, kwa kusikiliza kwanza ndo wakaenda kuangalia miili. Ukipata wa hai hata wewe unaweza kusikia. Chukua nyaya mbili zilizochunwa ncha, ziweke pande mbili za ndoo, ziingize kwenye amplifaya ndogo ya betri (ya BETRI, sio ya kuchomeka ukutani, usichanganye maji na umeme wa Tanesco), fungua sauti. Utasikia ta, ta-ta, ta, tatatata. Akitulia zinapungua, ukimsogezea kidole zinaongezeka ghafla. Kutambua spishi hiyo haitoshi, inabidi urekodi kwa kifaa chenye kasi kubwa, ujue kichwa kilielekea waya gani na joto la maji ni nyuzi ngapi, kwa sababu maji yakipoa mshtuko unarefuka. Ila kwa mtu wa nyumbani ni raha tosha.

Sasa swali lako la mwisho, je anaweza kuwa mpya. Jibu langu litakushangaza, mkubwa hapana, mdogo inawezekana kabisa, na sisemi hivyo kukufurahisha. Angalia ilivyotokea. Mjerumani Wilhelm Peters alikaa Msumbiji miaka ya 1840, mwaka 1852 akawataja Mormyrus longirostris, Marcusenius macrolepidotus na wengine. Mwaka 1866 mtaalamu wa samaki Günther akamwandika Petrocephalus catostoma kutoka Mto Ruvuma, mto wetu huu wa mpakani. Baada ya hapo kwa zaidi ya miaka mia karibu kila Petrocephalus mdogo aliyevuliwa kusini na mashariki mwa Afrika aliishia kuitwa catostoma, na Marcusenius wengi wenye kinundu wakaitwa macrolepidotus. Mwaka 2007 mtafiti Bernd Kramer na wenzake wakamgawa macrolepidotus, wa Mto Tana Kenya wakamwita Marcusenius devosi na wa Zambezi ya juu Marcusenius altisambesi. Mwaka 2012 wakarudi kwa catostoma wakatoa spishi mpya 5 kwa mkupuo. Walitumia vipimo, vinasaba na umeme, vyote pamoja. Mito yetu inayoingia Bahari ya Hindi haikutani, samaki wa Rufiji hana njia ya kwenda Ruvuma bila kupita kwenye chumvi, kwa hiyo kila mto unaweza ukawa na wa kwake.

Lakini mkuu, kutoka "huyu simjui" mpaka "huyu ni mpya" kuna safari. Mmoja hatoshi. Unahitaji kadhaa, wadogo kwa wakubwa, madume na majike, kutoka sehemu moja inayojulikana, ili uonyeshe kwamba tofauti unayoiona sio ya umri wala jinsia. Kila mmoja unakata kipande cha pezi unakiweka kwenye spiriti kali ya asilimia 95 kwa ajili ya vinasaba KABLA ya fomalini, fomalini inaharibu vinasaba. Kisha mwili unakaa kwenye fomalini ya sehemu moja kwa tisa za maji, siku kadhaa, unaoshwa, unahamia spiriti ya asilimia 70. Fomalini usiifanyie jikoni kwako tafadhali, ile ni sumu, mwachie mtu wa maabara, wewe friza inatosha. Halafu inabidi umlinganishe na wale wa asili walioko makumbusho, wale ambao jina lilitolewa kwao, sio na picha za mtandaoni. Ukijiridhisha unachagua mmoja awe holotaipu, yaani ndo mwenye jina, anakaa kwenye taasisi inayotunza mikusanyo, na andiko lazima liseme wazi kwamba hii ni spishi mpya, huyu ndo holotaipu, yupo hapa, na anatofautiana na wenzake kwa hiki na hiki. Andiko likiwa la mtandaoni tu linasajiliwa ZooBank (daftari rasmi la majina ya wanyama), hiyo imekuwa kanuni tangu 2012. Na mabano kwenye majina yana maana yake, ukiona Marcusenius macrolepidotus (Peters, 1852) mabano yanakwambia Peters alimweka jenasi nyingine akahamishwa baadaye, wakati Mormyrus longirostris Peters, 1852 hana mabano kwa sababu hajawahi kuhama. Watu wanayatoa hovyo, inaniudhi kidogo.

Kwa hapa Dar una bahati. TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) wako hapahapa mjini, na Chuo Kikuu Mlimani kuna watu wa zuolojia na sayansi ya uvuvi, beba samaki wako kwenye kibegi cha barafu na kile kikaratasi, uliza mtu wa samaki wa maji baridi. Ukitaka ifike kwenye utafiti rasmi wa kukusanya samaki vibali vipo, kaanzie COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), usimtume kijana avue kwa wingi kisa nimesema wanahitajika kadhaa. Mwambie tu akipata mwingine mwenye kinundu kwenye nyavu zake za kawaida asimpare magamba, akutunzie mzima, na akwambie bei, maana akijua unamtafuta atapandisha.

Wa Kinondoni ukiamua kumnunua mpe mchanga laini chini sio kokoto, kile kidevu kinachubuka, mpe pango la kujificha, giza kidogo na minyoo hai, na usimweke na mwenzake mmoja kwenye tanki dogo watapigana. Na ukimchoka usiende kummwaga Mto Ruvu wala Mto Kizinga.

Nitumie picha ya mdogo akiwa ubavu na nyingine ya kichwa kwa karibu, niambie pezi lipi refu kati ya mgongo na chini. Na muulize shemeji huyo mkubwa ana mafuta kiasi gani, wengi wanamsifia akiwa wa kubanikwa kuliko wa kukaanga.